Upinde wa Kabula na Uzi wa Nyavu

Mume wangu anasema nimestaafu mikono tu, mdomo bado uko kazini. Ni kweli. Juzi jirani yetu hapa Igogo alipita anachechemea, nikamsimamisha barabarani, nikamvua kiatu na kumwonyesha kisigino kilivyolika upande mmoja. Alikuwa anawahi kanisani. Sasa ninyi vijana mliobaki karakana mmeniomba niandike mambo ya kazi, basi naandika, angalau majirani wapumzike. Habari za vyeo msizitegemee. Barua zangu zote za vyeo zilienea kwenye bahasha moja, na bahasha yenyewe sikumbuki iko wapi.

Nilianza kazi nikiwa binti mwembamba, mtoto wa mshona nyavu aliyehama kutoka Majita kuja Mwanza kufuata samaki. Nilichojua ni sindano ya nyavu na fundo la baba, ambalo likikazwa halifunguki mpaka likatwe. Nikadhani hilo litanitosha. Siku ya kwanza, mkuu wa karakana, Mzee Lugembe, Msukuma mrefu mwenye sauti ndogo, alinipa tupa na kipande cha mti. Akasema, "Kifanye kiwe mviringo." Akaondoka. Nilipiga tupa siku tatu. Siku ya nne nikampelekea nikiwa najiona fundi kabisa. Akafumba macho, akakipapasa taratibu.

"Kuna pembe hapa."

"Wapi, mzee?"

"Hapo ulipochoka."

Nilikasirika, jamani! Nilikwenda nyuma ya stoo nikalia, halafu nikarudi nikapapasa mwenyewe, macho nimefumba. Pembe ilikuwepo. Tangu siku hiyo nilimwogopa Mzee Lugembe kwa miaka miwili hivi, kisha nikampenda kama baba mpaka Mungu alipomchukua.

Kazi yetu mnaijua: miguu ya bandia, magongo, viti mwendo. Ninyi mna mashine ya kupasha plastiki, sisi tulikuwa na oveni iliyokataa kazi kila ilipotaka. Lakini mguu ni uleule. Shida yote iko kwenye kikombe, pale kigutu cha mtu kinapoingia. Kikibana pasipotakiwa, mtu anapata kidonda, na kidonda kikikomaa mguu mzuri unabaki kuning'inia ukutani.

Mwaka wangu wa pili nilimtengenezea mguu mfugaji mmoja wa Usagara, Mzee Masanja. Mguu wangu wa kwanza peke yangu. Alipouvaa akatembea hadi getini na kurudi, nikamwuliza, "Shikamoo tena mzee, iko sawa?" Akasema, "Marahaba, mwanangu. Iko sawa tu, Mungu akubariki." Wiki iliyofuata akaniletea mfuko wa michembe, viazi vilivyokaushwa, vitamu ajabu. Nikala michembe ile kwa majivuno makubwa. Baada ya miezi miwili mkewe akamleta kwa mkokoteni wa ng'ombe, kigutu kimeoza. Alikuwa akitembea na maumivu siku zote zile, na siku ile ya michembe alikuwa tayari anatoka damu.

Mzee Lugembe hakumgombeza mgonjwa. Alinigeukia mimi.

"Ulimwuliza kama iko sawa?"

"Nilimwuliza, mzee! Akasema iko sawa."

"Ndiyo kosa lako. Mtu wa huku ukimwuliza, anakujibu kwa adabu. Umehangaika naye, umemshikia mguu mapajani, umemwamkia, halafu akwambie kazi yako mbaya? Thubutu! Usimwulize mtu, uliza ngozi."

Ndipo nikajifunza ule utaratibu ambao nimewachosha nao ninyi nyote. Mtu avae, atembee, avue. Halafu unatazama. Ngozi ikiwa nyekundu mahali, pale ndipo pa kupiga tupa. Neno lake la shukrani unalipokea kwa mikono miwili, lakini halihusiani na kazi. Mzee Masanja alipona, mguu nikautengeneza upya, na kila alipopita mjini kuuza ng'ombe alikuja kunisalimia. Michembe yake sikuila tena kwa raha.

Miaka ikaenda. Mzee Lugembe akastaafu, akaniachia tupa yake yenye mpini wa mpera, ile mnayoiona kwenye msumari juu ya meza yangu, na tafadhali isitoke pale.

Sasa nije kwenye upinde, maana najua ndio mnaousubiri.

Miaka yangu ya mwisho kazini alikuja mgeni mmoja kufundisha michezo ya watu wenye ulemavu, akakaa wiki mbili, akaacha mishale kumi na miwili na upinde mmoja. Si upinde kama ule wa babu zetu. Huu mwili wake ni wa aluminiamu, na kila ncha ina kapi, gurudumu dogo la kuzungusha kamba. Ukianza kuvuta ni mzito, unatetemeka mabega. Ukifika katikati makapi yanageuka na uzito unashuka ghafla, unabaki umeshika kitu chepesi huku unalenga. Mgeni akapanda ndege. Mwalimu Deus, yule wa michezo mwenye filimbi shingoni hata msibani, akauleta karakana. "Fundi Ester, una vispana vidogo. Huu ni wako."

Nikamwambia mimi ni fundi wa miguu. Akaniambia na huu unatembea.

Walijaribu watu wengi, lakini aliyeushika upinde ule ukakaa ni Kabula. Binti wa miaka ishirini na sita hivi, fundi cherehani pale Mabatini, ajali ya pikipiki ilimwacha bila nguvu kiunoni kwenda chini. Kiti mwendo chake nilikiunganisha mimi. Alikuwa mpole kupita kiasi. Ukimkanyagia gurudumu anakuomba radhi yeye. Mishale yake ya kwanza ilikwenda nyasini. Wa saba ukagonga ubao, akacheka kwa sauti mpaka Mwalimu Deus akasahau kupuliza filimbi.

Ikatangazwa kwamba kutakuwa na mchujo Dar es Salaam wa kuchagua timu ya taifa, nafasi mbili tu za wanawake. Kabula akaniambia tukiwa wawili, "Mama, tangu ajali kila kitu nimekubali tu. Nimepewa kiti, nikakubali. Nimepewa pole, nikakubali. Hiki ndicho cha kwanza ninachokitaka mwenyewe." Alisema huku anatazama mikono yake. Ndugu zangu, maneno yale yaliniingia. Nikasema moyoni, upinde huu nitauweka sawa hata kama nitazeeka nao.

Kumbe mshale haurushwi tu ukaenda. Ukitazama kwa makini, unatoka ukitikisa mkia, na mkia ukiyumba sana mshale unafika popote upendapo wenyewe. Mgeni alituachia kijitabu chenye picha, na mengine tukabuni. Nikachukua fremu ya dirisha kuukuu, nikaitandazia gazeti, tukaisimamisha hatua chache mbele ya Kabula. Anapiga mshale kupitia gazeti, halafu tunasoma tundu. Ncha imetoboa hapa, manyoya ya mkiani yamechana pale. Mkia ukichana juu ya ncha, kamba inaushika mshale juu mno. Ukichana kando, kikalio, yaani kile kikono kinachobeba mshale, kimekaa upande. Unahamisha kikalio unene wa ukucha, unapiga tena. Mimi nilipoona tundu la kwanza, refu, limechanika ovyo, nilicheka peke yangu. Ilikuwa ngozi! Mzee Lugembe angelielewa kabla ya kijitabu kufunguliwa.

Uzito wa kuvuta tulipima kwa mizani ya kuning'iniza niliyoazima kwa muuza sangara, na upinde ukanuka samaki wiki nzima. Makapi nikayatia alama za chaki, maana yote mawili lazima yafike mwisho wa kuvuta kwa pamoja. La chini lilikuwa linachelewa, nikalirekebisha kwa kusokota waya wake mizunguko miwili. Ili kuukunja upinde salama nilitengeneza kibano kutoka fremu ya kiti mwendo kilichokufa na jeki ya gari. Baada ya siku kumi na moja gazeti likatoa tundu moja la duara lenye mikato mitatu midogo ya manyoya. Nililikata lile tundu nikalibandika ukutani. Kabula akaanza kukusanya mishale katikati ya ubao kama anayepanga vifungo vya shati.

Na hapo ndipo nilipoharibu.

Katikati ya kamba, pale mshale unapopachikwa, kuna uzi umezungushwa kuilinda. Uzi ule ukaanza kufumuka, zikiwa zimebaki wiki sita kabla ya mchujo. Mwanza nzima hakuna duka la vitu hivyo. Lakini mimi si mtoto wa mshona nyavu? Nilikwenda mwaloni, soko la wavuvi kando ya ziwa, nikachagua uzi wa nyavu, ule mgumu wa sangara, nikaketi nikauzungusha kwenye kamba jinsi baba alivyonifundisha kuzungusha kamba ya juu ya wavu, nikakaza, nikafunga kwa fundo la nyumbani. Ulipendeza! Nikauinua nikamwonyesha kila aliyepita. Nilikuwa nacheka peke yangu kwa kumkumbuka baba.

Kabula akapiga mishale mitatu. Nikamwuliza, mimi Ester, niliyewafokea ninyi miaka yote:

"Iko sawa?"

"Iko sawa tu, mama."

Gazeti sikulitandaza. Nililiona tundu letu zuri pale ukutani nikatosheka.

Wiki ya kwanza mishale ikaanza kutawanyika. Mmoja juu, mmoja chini, mmoja katikati, wa nne hauonekani. Mwalimu Deus akasema anafyatua vibaya, ana haraka. Akamfanyisha mazoezi ya pumzi. Ikawa mbaya zaidi. Akasema ni woga wa mchujo. Kabula akawa anaitikia, "Ndiyo mwalimu, nitajitahidi," akijitahidi mpaka vidole vinavimba. Wiki ya tatu hakuja. Siku mbili, siku tatu, simu haipokelewi.

Nikamfuata Mabatini. Nilimkuta kwenye kibanda chake anashona sare za kwaya kwa cherehani ya mkono. Akaniamkia, akanipa kigoda, akaagiza soda. Adabu zake zote mahali pake. Nikamwuliza kulikoni.

"Nimeacha, mama. Mwambie mwalimu anisamehe. Mikono yangu haifai. Nilidhani ajali ilichukua miguu tu."

"Nani kakwambia mikono haifai?"

"Mishale yenyewe."

Moyo uliniuma. Nilikaa, soda mkononi, nikimtazama anavyopitisha kitambaa. Mshono umenyooka kama umepigwa rula. Mikono isiyofaa haishoni hivyo. Ndipo nikakumbuka gazeti.

"Kabula," nikasema, "sikuulizi kama upinde uko sawa. Nieleze tu mshale unavyotoka. Unausikiaje?"

Akasimamisha cherehani.

"Unang'ang'ania, mama. Kama uzi mnene kwenye tundu la sindano ndogo. Unatoka, lakini kwa kuvutwa."

"Tangu lini?"

Akaanza kukunja sare iliyokwisha. Nikarudia.

"Tangu siku ile ulipofunga ule uzi mpya."

"Na mbona uliniambia iko sawa?"

"Ningekwambiaje, mama? Uliufunga kwa mikono yako. Ulikuwa unacheka, unasema habari za baba yako. Mimi ni nani wa kukwambia?"

Yesu na Maria! Nilimwona Mzee Masanja juu ya mkokoteni wake. Nilikuwa nimemtia binti wa watu kidonda kilekile, safari hii si kwenye ngozi. Wiki tatu amejilaumu mikono yake kwa sababu yangu, nami nilikuwa nimesimama pembeni nampa pole.

Tulikwenda karakana siku ileile. Nikatandaza gazeti. Mshale wa kwanza ukachana juu, wa pili ukachana chini, wa tatu juu tena. Kisha nikafanya kipimo kilichokuwa kwenye ukurasa wa nne wa kijitabu, nilioupita haraka siku zile nikijua yote: unapachika mshale kwenye kamba, unauning'iniza ncha chini, unagonga kamba kidogo kwa kidole. Mshale unatakiwa uanguke. Nikagonga. Haukuanguka. Nikagonga tena kwa nguvu, ukacheza cheza ukabaki. Uzi wangu mzuri wa nyavu ulikuwa mnene, unaubana mkia wa mshale usiachie kamba kwa wakati wake.

Nilimwambia mbele ya Mwalimu Deus na mafundi wote waliokuwepo, wengine mnakumbuka: "Mikono yako haina kosa. Kosa ni langu. Uzi ni wangu, na uvivu wa kutotandaza gazeti ni wangu." Mwalimu Deus akaivua filimbi akaitia mfukoni, naye akamwomba radhi. Kabula akalia. Nami nikalia, sioni haya kusema. Halafu nikachukua kisu nikakata fundo la baba.

Uzi wa badala alikuwa nao yeye, kwenye sanduku la cherehani: ule mwembamba mgumu wa kushonea mikoba. Nikaanza kuuzungusha, yeye ameshika upinde mapajani. Nikamaliza robo, nikasikia sauti ndogo:

"Umekaza mno hapo, mama."

Nikasimama. Nadhani hata yeye alishtuka. Nikasema, "Wapi?" Akaonyesha kwa kidole, na kweli, pale nyuzi zilikuwa zimepandana. Nikafumua. Akanirekebisha mara tatu jioni ile, mara ya tatu bila hata kusema mama. Tulipomaliza nikauning'iniza mshale, nikagonga kamba kwa ukucha. Ukaanguka sakafuni, tik! Nimetengeneza miguu mingi maishani, lakini kishindo kidogo kile sikisahau.

Mazoezi yalibaki ya wiki tatu. Dar es Salaam nilikwenda naye, spana zangu kwenye mfuko wa sukari. Asubuhi ya mchujo alipiga mishale ya kupasha mwili, mimi nimeuma midomo nisimwulize kitu. Akageuza kiti mwenyewe, akaja.

"Haiko sawa, mama. Kuna kitu kinagusa."

Nilikuwa na unga wa muhogo kwenye karatasi. Tukaupaka kwenye manyoya ya mshale, akapiga mmoja, tukautazama. Unyoya mmoja ulikuwa na mstari mahali unga umefutika. Ulikuwa unakwaruza kikalio. Tukaugeuza mkia wa mshale kidogo sana, na ile mingine yote hivyohivyo, akarudi mstarini. Mimi sikuweza kutazama. Nilikaa nyuma ya tangi la maji nikisikiliza mishale inavyogonga ubao, na kwa mlio tu nilijua inatoka vizuri. Alishika nafasi ya pili. Nafasi zilikuwa mbili.

Aliporudi Mabatini hakubadilika sana, ila jambo moja: akawa anasema. Anamwambia Mwalimu Deus kwamba filimbi inamkera. Wateja wetu wapya wa miguu nilikuwa nawaketisha naye kabla sijawapima, awaambie kwamba fundi huyu ukimsifu anakasirika.

Sherehe yangu ya kuagwa mliifanya ninyi, keki mliikata ninyi, hotuba zilikuwa ndefu, Mungu awasamehe. Kabula aliniletea gauni la kitenge alilolishona mwenyewe, la bluu lenye samaki wadogo. Mkanisukuma chumbani nikalivaa. Lilikuwa zuri ajabu, ila kwapani lilinibana mpaka nikahisi damu inasimama vidoleni. Nikatoka, mkapiga vigelegele. Kabula akanitazama, macho yanang'aa, akauliza:

"Iko sawa, mama?"

Amelishona kwa mikono yake, usiku na mchana labda, na watu wote wananitazama. Nikajikuta nasema, "Iko sawa tu, mwanangu, Mungu akubariki."

Kabula akatoa chaki na pini kwenye mfuko wa kiti, akasogea.

"Nyoosha mikono juu," akasema, "tuone kitambaa kinasemaje."